Namna ya Kusafisha Udongo na Maji ya Ardhini Palipokuwa na Draiklina

Jengo lililowahi kuwa draiklina, yaani mahali pa dobi anayefulia nguo kwa kiyeyushi badala ya maji, mara nyingi halina alama yoyote ya kazi hiyo. Leo utalikuta ni duka la viatu au saluni, sakafu imepigwa vigae vipya, na ile harufu tamu ya dawa ya kufulia imetoweka miaka mingi. Kilichobaki kiko chini ya zege. Nchini Marekani, ambako sheria na uzoefu wa kazi hii vimekusanyika kwa wingi na ndiko mwongozo huu unakoelekezwa, madobi wengi wa karne iliyopita walifulia nguo kwa perikloroethilini, kiyeyushi ambacho mafundi hukiita kwa mkato perki. Walikipenda kwa sababu hakishiki moto kama mafuta ya jamii ya petroli waliyoyatumia kabla yake, na kwa sababu huondoa grisi bila kuharibu sufu wala hariri. Ubaya wake uko kwenye uzito: lita moja ya perki ina kilo 1.62, kwa hiyo ikiyafikia maji haielei kama petroli bali inazama, ikipenya kila ufa na kila tabaka la mchanga hadi ikutane na kitu kinachoizuia. Karibu kila uamuzi utakaoelezwa hapa unatokana na tabia hiyo ya kuzama, na kwa maoni yangu kazi nyingi zilizokwama zimekwama kwa sababu mwenye eneo alinunua dawa kabla ya kujua perki yake ilizama wapi.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, katika maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita. Ukipiga hesabu, lita moja tu ya perki inatosha kufikisha lita milioni 324 za maji kwenye kiwango hicho. Ndiyo maana hakuna mtaalamu mkweli atakayekuahidi kwamba atatoa kila tone. Kinachowezekana ni kuondoa sehemu kubwa ya chanzo, kuwakinga watu na mvuke na maji machafu, kisha kuthibitisha kwa vipimo vya miaka kadhaa kwamba kilichosalia kinapungua.

Mfano unaofundisha zaidi uko Jacksonville, North Carolina. Draiklina iliyoitwa ABC One-Hour Cleaners ilifunguliwa huko mwaka 1953, jirani na kambi ya kijeshi ya Camp Lejeune, na maji taka yake yaliingia kwenye karo la hapo hapo kiwanjani. Masalia ya kuchemshia perki, yaani tope lililokauka likawa unga, yalitumika hata kufukia mashimo ya kiwanjani. Kisima cha maji cha TT-26, kilichokuwa umbali wa takriban mita 270, kilihudumia nyumba za familia za wanajeshi katika mtaa wa Tarawa Terrace. Vipimo vya Januari 1985 vilikuta mikrogramu 1,580 za perki kwa lita kisimani humo, kikafungwa mwezi uliofuata, na mwaka 1989 eneo la draiklina likaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya Superfund, mpango wa serikali wa kusafisha maeneo yaliyochafuliwa kwa sumu. Hesabu zilizofanywa baadaye na ATSDR, wakala wa serikali unaochunguza sumu na afya, zilionyesha kwamba maji ya mtaa ule yalikuwa yamevuka mikrogramu 5 tangu Novemba 1957, miaka minne tu baada ya dobi kuanza kazi. Haikuhitaji ajali wala pipa kupasuka. Kazi ya kila siku, kidogo kidogo kupitia karo, ilitosha.

Anza na makaratasi

Kabla ya kuita mtambo wa kuchoronga, tumia wiki mbili tatu kwenye kumbukumbu. Tafuta ramani za zamani za bima ya moto za Sanborn, vitabu vya anwani vya mji, vibali vya ujenzi, na hasa michoro ya mabomba ya maji taka. Ikiwa bado hujanunua jengo, fanya hivyo kabla ya kutia saini: sheria ya Superfund ya mwaka 1980 inaweza kumbebesha mmiliki wa sasa gharama hata kama yeye mwenyewe hakumwaga kitu, na kinga ya mnunuzi iliyoongezwa mwaka 2002 humfaa tu yule aliyechunguza historia ya eneo kabla ya kununua.

Makaratasi peke yake hayatoshi. Mtafute mtu aliyefanya kazi humo, hata kama amestaafu, mketi naye juu ya mchoro wa jengo, umwombe aoneshe kwa kalamu mashine ilisimama wapi. Muulize kama zamani nguo zilifuliwa katika mashine moja na kukaushiwa nyingine, kwa sababu katika mashine za aina hiyo mfanyakazi alibeba mzigo wa nguo zilizolowa perki kutoka huku kwenda kule, nazo zikidondosha njia nzima. Muulize maji ya kitenganishi, yaani chombo cha kutenga maji na perki, yalimwagwa wapi. Maji hayo huonekana safi kabisa, lakini yamegusana na perki hadi kushiba, na maji yaliyoshiba hubeba takriban miligramu 150 hadi 200 kwa lita, maelfu ya mara juu ya kiwango cha kunywa. Muulize vichujio vilivyokwisha vilitupwa wapi, gari la kuleta perki lilisimama wapi, na mpira wa kujazia ulipita mlango gani. Majibu yake yatakupa alama chache mchoroni: chini ya mashine, tundu la maji sakafuni, nje ya mlango wa nyuma, penye pipa la taka, na kwenye viungio vya bomba la maji taka, ambalo likivuja hupeleka uchafu mbali na jengo bila mtu kujua. Zege lenyewe usilihesabu kuwa kinga. Perki hupita kwenye maungio na nyufa zake, na hata katika vinyweleo vyake.

Katika hatua hiyo hiyo ulizia fedha. Majimbo kadhaa, yakiwemo Florida tangu 1994, Kansas, North Carolina na Texas, yaliunda mifuko ya kusafishia maeneo ya draiklina, ingawa masharti hutofautiana na Florida iliacha kupokea maombi mapya mwishoni mwa 1998. Pekua pia sera za zamani za bima ya biashara: zile za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 mara nyingi hazikuwa na kifungu kinachokataa kabisa madai ya uchafuzi, na karatasi iliyosahaulika katika kabati la dobi inaweza kulipia sehemu kubwa ya kazi.

Zuia mvuke kwanza

Maji ya ardhini husafiri polepole, lakini mvuke unaweza kuwa umeshaingia chumbani leo. Perki huvukizwa udongoni, hupanda kupitia mapengo ya sakafu, na huingia katika duka la jirani au nyumba ya ghorofa ya juu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka perki katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, na vitu viwili vinavyozalishwa inapovunjika, yaani trikloroethilini na vinili kloridi, viko katika kundi la vile vilivyothibitishwa. Kwa hiyo usisubiri mpango mzima wa usafishaji ndipo umlinde anayeketi juu ya uchafu.

Toboa sakafu tundu la upana wa kidole, ziba pembeni pasiingie hewa ya chumbani, kisha vuta hewa ya chini ya zege katika kopo la chuma lililotolewa hewa. Hewa ya chumbani ipimwe kwa saa 24. Kabla ya kipimo hicho, ondoa chumbani suti na makoti yaliyotoka kwa dobi pamoja na makopo ya dawa ya kusafishia breki, kwa maana vitu hivyo vyenyewe huweza kutoa perki na kukufanya ulaumu ardhi kwa kosa la kabati. Mwongozo wa EPA huchukulia, kwa tahadhari, kwamba asilimia 3 ya kilichopo chini ya zege inaweza kuwa imeingia chumbani.

Vipimo vikiwa vibaya, tiba ni ile ile inayotumiwa kwa radoni, gesi yenye mionzi inayopanda kutoka ardhini: bomba la plastiki la upana wa sentimita 7 hadi 10 hupitishwa katika zege hadi kwenye kokoto zilizo chini yake, feni huvuta hewa mfululizo na kuitoa juu ya paa, mbali na madirisha, na hivyo kanieneo ya chini ya sakafu hubaki ndogo kuliko ya chumbani. Funga kwenye bomba kipimo cha mrija wenye kimiminika cha rangi ili hata mwenye duka aone kwa macho kwamba feni inafanya kazi. Baada ya hapo pima kanieneo kwenye pembe za mbali za jengo, si pale tu penye bomba.

Choronga kutoka nje kwenda ndani

Hapa ndipo watu wenye haraka huharibu. Tabaka la udongo wa mfinyanzi likiwa limeizuia perki kwenye kina cha mita 6, shimo moja lililochorongwa kizembe katikati ya chanzo litaifungulia mlango hadi kwenye maji safi yaliyo chini yake. Anza basi pembeni, palipo pasafi, ujue matabaka yamepangwaje, ndipo usogee kuelekea chanzo; na ukikaribia, simamia kina kisichovuka mfinyanzi.

Mtambo wa kusukuma bomba ardhini hutoa udongo katika mrija wa plastiki. Pasua mrija kwa urefu, pitisha kipima mvuke polepole juu ya udongo, kila sentimita chache, na uandike namba palipo na mvuke mkali, ambapo kwa kawaida ni juu tu ya utepe mwembamba wa mfinyanzi ambao jicho la mgeni lingeupita. Chukua kijiko cha udongo kutoka hapo, ukitie katika mfuko angavu pamoja na maji kidogo na chembe za rangi iitwayo Sudan IV, kisha ukande kwa vidole. Rangi hiyo haiyeyuki katika maji, lakini huyeyuka katika perki, na vitone vyekundu vikitokea umeiona perki yenyewe, siyo kivuli chake. Sampuli inayokwenda maabara iingizwe kwenye chupa yenye methanoli papo hapo, kwa sababu udongo ulioachwa wazi juani kwa muda mfupi huachia mvuke wake na kukupa jibu zuri la uongo.

Kwa maji, chimba angalau visima vitatu vya uchunguzi visivyo kwenye mstari mmoja, pima kimo cha maji katika kila kimoja, na kutokana na tofauti zake utajua maji yanaelekea wapi. Ongeza visima vya kina tofauti, kwa kuwa mkia wa uchafu, yaani maji machafu yanayosafiri kutoka kwenye chanzo, huweza kushuka kadiri unavyoondoka kwenye chanzo, na kisima kifupi kilicho mbali kitatangaza usafi usiokuwepo. Vuta maji polepole. Vichupa vya mililita 40 vyenye tindikali kidogo vijazwe hadi maji yafanye kibonge mdomoni, vifungwe, vigeuzwe chini juu na kugongwa kwa kidole. Kiputo kikionekana, rudia, maana perki hukimbilia humo. Vihifadhiwe kwenye barafu hadi maabara.

Wakati wa kusoma matokeo, iko kanuni ya vitendo inayosaidia: maji yakibeba zaidi ya asilimia 1 ya kile ambacho perki inaweza kuyeyuka, yaani kuanzia takriban mikrogramu 1,500 kwa lita, shuku kwamba perki isiyoyeyuka iko karibu au upande wa juu wa mtiririko. Kisima cha TT-26, mamia ya mita kutoka kwenye karo, kilikuwa tayari kimefika hapo.

Kuchagua dawa ya chanzo

Hakuna dawa moja, na muuzaji anayekuja na dawa kabla ya kuuliza habari za udongo wako hastahili muda wako. Ikiwa perki iko juu ya kina cha maji, yaani pale maji ya ardhini yanapoanzia, katika udongo usiozidi mita 4 au 5, na jengo linabomolewa, chimba uuondoe. Ni njia ya kizamani lakini ndiyo yenye uhakika kuliko zote, mradi udongo upelekwe dampo lenye kibali cha taka hatari. Jengo likibaki na udongo ukiwa wa mchanga, vuta mvuke kwa visima na pampu ya hewa, uupitishe katika mkaa maalumu unaonasa perki. Katika mfinyanzi njia hiyo itakuchosha, kwa sababu hewa hupita palipo rahisi na kuacha uchafu ulipo.

Chanzo kilichojichimbia katika mfinyanzi au chini ya kina cha maji huondolewa vizuri zaidi kwa joto. Vyuma hupigiliwa ardhini, umeme hupitishwa kati yake, na udongo wenyewe, kwa kuuzuia umeme, hupata moto. Perki peke yake huchemka kwenye nyuzi 121 za Selsiasi, lakini ikigusana na maji mchanganyiko huchemka kwenye takriban nyuzi 88, na mvuke huvutwa juu usitoroke. Bei ni kubwa, ila kazi humalizika kwa miezi badala ya miongo, na kwa eneo ambalo majirani wanaishi juu yake ningelipa bei hiyo bila kusita.

Pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau ambayo wengi wetu tuliijua katika kuoshea vidonda, huivunja perki ikawa kaboni dioksidi na kloridi inapoigusa. Neno lenye uzito hapo ni kuigusa. Udongo wenye mboji nyingi huila dawa kabla haijafika, hivyo peleka kwanza udongo wako maabara wapime utameza kiasi gani. Na angalia mitaro na mito ya jirani, kwa sababu dawa iliyosukumwa kwa nguvu huweza kutokea mahali usipotarajia, na rangi yake haifichiki.

Njia inayotumika sana sasa ni kuwalisha bakteria. Mafuta ya mimea yaliyochanganywa na maji hadi yawe kama maziwa husukumwa ardhini, oksijeni huisha, na bakteria huanza kuing'oa perki klorini moja baada ya nyingine: perki huwa trikloroethilini, kisha dikloroethilini, kisha vinili kloridi, na mwisho ethilini isiyo na madhara. Hatari iko njiani. Bakteria wengi huishia kwenye dikloroethilini, na safari ikikwama kwenye vinili kloridi utakuwa umebadilisha sumu yenye kikomo cha mikrogramu 5 kuwa sumu yenye kikomo cha mikrogramu 2. Kundi linalomaliza safari linaitwa Dehalococcoides. Aina ya kwanza iliyotengwa, kutoka kwenye mtambo wa maji taka wa Ithaca, New York, ilitangazwa mwaka 1997. Agiza maabara ihesabu bakteria hao na jeni yao ya kuvunja vinili kloridi kabla ya kusukuma chochote. Wasipokuwepo, hununuliwa wakiwa hai na kuingizwa baada ya oksijeni kuisha, kwa maana oksijeni huwaua. Hakikisha pia maji si ya tindikali: pH chini ya 6 huwalaza. Namba ya perki iliyoshuka isikufurahishe mpaka umeona ethilini ikipanda.

Mkia wa uchafu na kufunga kazi

Kwa maji yaliyokwisha kuondoka kiwanjani, ukuta wa unga wa chuma uliozikwa kukatiza mtiririko huvunja perki inapopita, bila pampu wala umeme. Kusukuma maji juu na kuyasafisha ni njia nzuri ya kulinda kisima cha watu, lakini ni njia mbovu ya kumaliza chanzo. Majirani wenye visima wapewe maji mengine mara moja, na wasichimbe vipya, kwa sababu pampu yao inaweza kuuvuta mkia uelekee kwao.

Usitangaze ushindi mapema. Perki iliyokaa miaka 40 imepenya ndani ya mfinyanzi, na mchanga ulio pembeni ukisafishwa, mfinyanzi huanza kuirudisha polepole. Ndiyo maana visima vilivyosoma mikrogramu 3 mwezi wa tatu baada ya kudunga dawa huweza kusoma 60 mwaka unaofuata. Pima kila robo mwaka, kwa angalau robo nne na mara nyingi nane mfululizo, ukihesabu pamoja na perki vizalia vyake vyote. Feni ya chini ya sakafu izimwe kwa majaribio mwishoni, na hewa ipimwe tena majira ya baridi, milango ikiwa imefungwa na jengo likivuta hewa ya chini zaidi.

Mamlaka ya jimbo ikikubali kufunga faili, huenda ikaandikwa kwenye hati ya kiwanja kwamba hapatachimbwa kisima cha maji. Baada ya hapo kuna kazi moja ambayo makandarasi wengi huisahau. Kila kisima cha uchunguzi kijazwe kuanzia chini hadi juu kwa saruji iliyochanganywa na udongo wa bentonaiti, kupitia bomba lililofika kitakoni ili pasibaki pengo la hewa katikati, kisha kifuniko cha chuma kiondolewe na lami izibwe.